Kwa nini wasanii wakitaka kusema habari za ukuta hukimbilia kitambaa?

NyuziMbili (mleta mada)
Wadau, habari. Hii ni wiki ya pili jambo hili linanizunguka kichwani.

Nilialikwa kushiriki kwenye kazi moja ya sanaa. Ukumbini walikuwa wametundika shuka nene la pamba, jeupe, kutoka darini hadi sakafuni, limevutwa likakaza kama ngozi ya ngoma. Kiti kimoja upande huu, kimoja upande ule. Aliye ng'ambo humwoni, na mmekatazwa kuongea. Sindano ni moja tu kati yenu, na uzi mwekundu. Unaichoma, mwenzako anaivuta upande wake, anakaza, kisha anairudisha popote anapopenda. Wewe umekaa, unangoja ncha itokeze.

Mara ya kwanza ilitokeza karibu kabisa na kidole changu nikaruka. Baadaye nikaanza kumzoea. Alikuwa anavuta taratibu, na kabla ya kuchoma anagusa kwanza kitambaa, kidole chake kinatuna upande wangu kama kipele, ananiambia niondoe mkono hapo. Nikaanza kumfanyia vivyo hivyo. Tumeshona karibu saa nzima. Kila mmoja ana mlango wake wa kutokea, kwa hiyo mpaka leo simjui. Upande wangu mshono umepindapinda kama msafara wa siafu. Upande wake sijauona.

Sasa naombeni: lile shuka lilitutenganisha au lilituunganisha? Na kwa nini msanii akitaka kusema habari za mipaka na utengano anachukua nguo? Kuta ni za zege. Achukue zege basi.

Mgeni Njoo
Uzi kuhusu uzi! Nimeweka kambi hapa.

Fundi Cherehani
Jibu ni jepesi, mkuu. Zege halipokei kidole. Ungegusa ukuta upande wako, mwenzako asingejua hata kama upo. Kitambaa ukikibonyeza huku kinatuna kule. Ndicho kizuizi pekee kinachopeleka habari.

Halafu kuna kitu umekipita. Fikiria vizuri huo mshono. Yeye alichoma pale alipopenda, uzi ukatokeza kwako. Wewe ukauvuta ukaenda kuuzamisha pale ulipopenda wewe. Kwa hiyo kila mshono unaouona upande wako ulianzia alipotaka yeye ukaishia ulipotaka wewe. Na wake kinyume chake. Hakuna hata mshono mmoja kwenye lile shuka ulio wa mtu mmoja.

NyuziMbili
Fundi, nimesoma mara tatu. Sikuwa nimeliona hilo kabisa.

Msomi Mdogo
Naongezea mifano. Lygia Clark wa Brazil, mwaka 1968, alitengeneza kazi inaitwa Divisor, yaani kitenganishi. Shuka jeupe kubwa mno lenye matundu. Watu wanaingia chini yake, kila mmoja anatoa kichwa kwenye tundu lake. Unaviona vichwa vya wenzako wote, lakini mwili wako mwenyewe huuoni. Mmoja akivuta kushoto, wote wanaburutwa kushoto. Jina linasema kutenga, na watu wamefungwa pamoja kuliko walivyowahi kuwa.

Mwingine Ann Hamilton, New York, Desemba 2012. Pazia kubwa jeupe katikati ya ukumbi, na bembea 42 zilizofungwa kwa kamba kwenye pazia hilo. Ukibembea wewe, pazia linanyanyuka mbele ya mtu usiyemjua upande wa pili. Hiyo inaunga mkono hoja ya Fundi.

Na Christo na Jeanne-Claude walijenga uzio wa kitambaa wa maili 40 huko California.

Kalamu Nyekundu
Msomi, asante, ila tunyooshe mambo mawili.

Divisor ni ya Lygia Pape, si Lygia Clark. Wote Wabrazili, wa kizazi kimoja, na walikuwa pamoja kwenye harakati zilezile za sanaa, ndiyo maana watu huwachanganya.

Uzio ulikuwa maili 24.5, kama kilomita 39.4. Umechukua kilomita ukaziita maili. Nailoni nyeupe, kimo mita 5.5, unapita kaunti za Sonoma na Marin mpaka unazama kwenye bahari ya Pasifiki. Ulikamilika tarehe 10 Septemba 1976, ukasimama wiki mbili, ukaondolewa wote.

Mimi linalonigusa zaidi kwenye kazi ile ni yale yaliyotangulia kitambaa. Ardhi ilikuwa ya wafugaji 59. Kila mmoja ilibidi aombwe. Ilibidi watu wakae vikao 18 vya hadhara wabishane. Uzio wa kawaida unajengwa ili usiongee na jirani. Ule usingesimama bila jirani kuongea na jirani.

Ukuta Mnene
Samahani nitaharibu raha ya watu.

Uzio wa wiki mbili, kisha unakunjwa. Hapo ndipo penye shida yangu. Kuta za kweli hazikunjwi.

Nimeishi miaka mitatu upande mmoja wa seng'enge, mama yangu upande wa pili. Sitasema wapi. Siku za kuonana tulisimama pale na watu wengine mamia, kila mtu anapaza sauti. Matundu ya uzio yalikuwa madogo kiasi kwamba kilichopita ni vidole viwili tu. Mama alinishika kwa vidole viwili, hiki cha shahada na cha kati, ananibana hadi panakuwa peupe. Waya ulikuwa na kutu, tukirudi nyumbani mikono ina rangi ya machungwa.

Kwa hiyo nikisikia watu wamekaa kwenye viti ukumbini, wanashona kwa zamu, halafu mtu anasema amejifunza utengano, naumia. Kitambaa kinaupamba ukuta. Kinaufanya mlaini. Ukuta si mlaini.

Fundi Cherehani
Pole sana ndugu yangu. Sina la kukujibu.

Mgeni Njoo
Pole Ukuta Mnene. Mama bado yupo?

Ukuta Mnene
Yupo. Anaishi nami sasa.

Mfumi wa Usiku
Ukuta Mnene, naomba niseme jambo kwa heshima, maana nafuma kwa miaka mingi na ulichoandika nimekibeba hadi kwenye kitanda changu cha kufumia.

Seng'enge yenyewe ni uzi. Joseph Glidden wa Marekani alipata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1874, na ugunduzi wake ulikuwa huu: miba ilikuwa inateleza kwenye waya mmoja, akachukua waya wa pili akausokota pamoja na wa kwanza ili miba ibanwe isisogee. Hiyo ni kazi ya msokota nyuzi, hatua kwa hatua. Ukuta wa Berlin nao, usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961, haukuanza na zege. Ulianza na seng'enge iliyotandazwa barabarani. Zege lilifuata siku kadhaa baadaye.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba msanii anachukua kitambaa ili aulainishe ukuta. Nadhani anarudi pale ukuta ulipotokea. Uzio na nguo ni ndugu, zinatoka mkono mmoja.

Na kuna siri nyingine wafumaji tunaijua. Nyuzi za mtande zinasimama, za mshindio zinapita katikati yake, juu, chini, juu, chini. Hazichanganyiki kamwe. Nguo inashikamana kwa sababu kila uzi umebaki wenyewe na unausukuma mwenzake. Legeza mtande kidogo uone, nguo nzima inalala.

Msomi Mdogo
Umeshusha nondo, Mfumi.

Bi Pindo
Sikubaliani na Mfumi hata kidogo, ingawa kaandika vizuri. Hiyo ya mtande na mshindio kila mtu anaisema, na ukiifuata utasema hata jela ni nzuri kwa sababu nondo zinasimama na wafungwa wanapita. Nguo haihisi chochote, ndugu yangu. Watu ndio wanaohisi.

Mimi naona sababu ni ngozi. Nguo ndiyo kitu cha kwanza tunachofungiwa tukizaliwa na cha mwisho tukizikwa. Mwili unaijua. Msanii Mona Hatoum alichukua skafu ya Kipalestina akaidarizi kwa nywele za wanawake, ndefu, zinaning'inia nje ya pindo. Alianza 1993 akamaliza 1999. Ile skafu watu wameizoea kuiona kwenye kichwa cha mwanamume. Ukiona nywele zimetokeza humo unajua kuna mtu alikuwa amefunikwa. Ungedarizi nywele kwenye zege?

Zamu ya Usiku
Naunga mkono ya ngozi, ila nina kisa.

Mimi ni muuguzi. Wodini kitanda na kitanda vinatengwa kwa pazia. Kuna wazee wawili walilazwa jirani wiki tano, wote hawainuki, pazia limefungwa muda wote kwa sababu mmoja alikuwa anasafishwa kidonda kila saa kadhaa. Hawakuwahi kuonana. Lakini saa nane za usiku nikipita nawasikia wanaongea. Mmoja akinyamaza sana, mwenzake anatikisa pazia kwa fimbo. Anayetikiswa anakohoa kujibu. Basi, wote wanalala.

Siku mzee wa kwanza anaruhusiwa, tukafungua pazia waagane. Wakatazamana kama wageni. Yule aliyebaki alimpita kwa macho, anamtafuta rafiki yake nyuma yetu. Mpaka yule mwingine alipokohoa ndipo akatabasamu.

Kwa hiyo swali la mleta mada, mimi sijui. Pazia lilipofunguka kuna kitu kilipotea kwa dakika ile, na nilikiona kwa macho yangu.

NyuziMbili
Zamu ya Usiku, umenifanya niogope kumtafuta yule mwenzangu wa sindano.

Mgeni Njoo
Na yale mapazia ya kukumbatiana ya wakati wa korona, mwaka 2020, je? Yale yenye mikono, mzee yuko ndani, mgeni yuko nje. Kuna picha ya Mads Nissen, ya Brazil, ilishinda tuzo ya picha ya mwaka ya World Press Photo 2021. Mama mzee anakumbatiwa na muuguzi kupitia pazia, na kingo za pazia ni za njano, zimekunjika kama mabawa.

Fundi Cherehani
Ile ni plastiki, si kitambaa.

Mgeni Njoo
Plastiki iliyoshonwa mikono! Fundi unataka nini tena?

Fundi Cherehani
Kilichoshonwa na kilichounganishwa kwa gundi ni vitu viwili, usinikasirishe.

Bi Pindo
Rudini kwenye mada.

Kalamu Nyekundu
Hakuna aliyetaja mashuka ya viraka ya Changi, na nadhani ndiyo yanayomhusu Ukuta Mnene zaidi kuliko kumbi zote hizi.

Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani Februari 1942. Wanawake raia na watoto walifungwa gereza la Changi, wakatengwa na wanaume wao. Wengine hawakujua waume zao wako hai au la, kadhalika waume. Wale wanawake wakaomba ruhusa ya kushona mashuka kwa ajili ya majeruhi hospitalini. Yalitoka matatu, kila moja lina vipande 66. Kila mwanamke alipewa kipande chake adarizi kitu kinachomwakilisha, na atie jina.

Jina, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Shuka likifika hospitali ya wanaume, mtu analikunjua, anaona jina la mkewe limedariziwa. Basi yu hai. Na moja kati ya hayo walilitoa kwa ajili ya majeruhi wa Kijapani, ili mengine yapite. Mawili yako kwenye jumba la kumbukumbu ya vita Australia, la tatu liko na Msalaba Mwekundu wa Uingereza.

Kwa hiyo sababu yangu ni tofauti na zenu zote. Kitambaa kinapita. Mlinzi anapekua barua, hapekui shuka, kwa sababu anadhani ni kazi ya wanawake tu.

Msomi Mdogo
Chile pia. Baada ya mapinduzi ya 1973, wanawake ambao watoto na waume zao walikamatwa wakapotea walishona picha kwa vitambaa chakavu juu ya gunia, wakati mwingine vipande vya nguo za hao hao waliopotea. Zilitolewa nje ya nchi kwa msaada wa kanisa zikauzwa huko. Mwanzoni watawala waliziona kama ufundi wa akina mama usio na madhara.

Chandarua
Nje ya mada kidogo lakini si sana. Ujerumani Mashariki, tarehe 16 Septemba 1979, familia mbili, watu 8, waliruka mpaka kwa puto la hewa moto walilolishona wenyewe nyumbani. Lilikuwa puto lao la tatu. Walikuwa wananunua kitambaa kidogokidogo kwenye maduka ya miji tofauti, maana mtu akinunua mita mia kadhaa kwa mkupuo lazima aulizwe anashona nini. Waliruka kama nusu saa wakatua Bavaria, Ujerumani Magharibi. Seng'enge, mabomu ya ardhini, minara ya walinzi, vyote vilipitwa na cherehani.

Fundi Cherehani
Hiyo ndiyo naipenda. Mshono mmoja ukifumuka kule juu umekwisha.

Ukuta Mnene
Kalamu Nyekundu, hiyo ya Changi nimeisoma kwa sauti, mama akasikiliza.

Hiyo naikubali. Lakini angalia tofauti. Wale wanawake hawakuwa wanafanya sanaa kuhusu utengano. Walikuwa wanaandika barua kwa sindano. Walikuwa ndani. Mimi ninaopingana nao ni wale walio nje wanaotengeneza ukuta wa kuigiza. Msinichanganyie hivyo viwili.

Mfumi wa Usiku
Na aliye pale pale mpakani je? Msanii Tanya Aguiñiga alikulia Tijuana, Mexico, akawa anavuka kila siku kwenda shule San Diego, Marekani. Kuanzia 2016 yeye na wenzake walikwenda kwenye foleni ya kuvuka mpaka, wakawa wanawagawia wavukaji nyuzi mbili. Unazifunga fundo, unazirudisha. Mafundo yote wakayaunganisha kuwa kamba ndefu, kwa mfano wa kipu, zile kamba za mafundo ambazo Wainka wa kale wa Amerika Kusini walitunzia hesabu na kumbukumbu. Kila fundo ni mtu aliyesimama kwenye ile foleni siku ile. Huyo yuko ndani au nje?

Ukuta Mnene
Huyo yuko mlangoni. Sijui nimweke wapi.

Msomi Mdogo
Kuna Igshaan Adams pia, wa Cape Town. Anafuma mazulia makubwa kwa kufuata vijia ambavyo watu wamevichora kwa miguu yao kati ya Bonteheuwel na Langa, mitaa ambayo ubaguzi wa rangi uliitenga kwa makusudi. Serikali ilichora mstari, watu wakakata njia wakaupita, yeye anaifuma ile njia kwa shanga na kamba. Hapo si ukuta unaofumwa, ni unyayo.

Bi Pindo
Hilo la unyayo limenigusa. Bado nasema ngozi.

Chandarua
Mimi nadhani wote mnasahau lililo wazi: uzito. Do Ho Suh wa Korea Kusini alishona nyumba aliyokulia Seoul kwa hariri nyembamba, hata milango ni ya kitambaa, unaona mpaka upande wa pili. Halafu anaikunja anaiweka kwenye sanduku anasafiri nayo. Mtu aliyetengwa na kwao anachukua kinachobebeka. Zege utalibeba wapi?

Kalamu Nyekundu
Hiyo nayo ina nguvu, ingawa haielezi Divisor. Pape hakuwa anahama.

NyuziMbili
Nimerudi, wadau. Asanteni wote, sikutegemea haya.

Leo nilikwenda ukumbini, siku ya mwisho kabla hawajalishusha. Nikamwomba msimamizi anipitishe upande wa pili. Nikaangalia mishono. Mwanzoni ya kwake ni mirefu, kama urefu wa kidole, ya kwangu mifupi mifupi ya mtu mwoga. Ukifuata uzi, kadiri unavyokwenda ya kwake inafupika na ya kwangu inarefuka, mpaka kwenye theluthi ya mwisho huwezi kujua ipi ya nani. Hakuna aliyemwambia mwenzake chochote.

Na kuna sehemu moja, karibu na chini, alichoma sindano mara nne tundu lile lile. Nakumbuka wakati huo. Nilikuwa nimenyamazisha mkono, nawaza mambo mengine. Alikuwa ananiita.

Zamu ya Usiku
Fimbo kwenye pazia.

NyuziMbili
Ndiyo. Nilisimama pale nikakukumbuka.

Ukuta Mnene
NyuziMbili, nina swali, nalo si la kubishana. Ingekuwaje kama unamjua aliye ng'ambo? Kama mnajuana tangu zamani?

Nauliza kwa sababu mama jana usiku ameniambia tujaribu. Anasema macho hayamwonyeshi vizuri lakini vidole bado anaviamini. Tunayo kamba ya kuanikia nguo ndani na shuka la zamani. Sijakubali bado hoja za watu hapa. Ila mama akisema amesema.

Bi Pindo
Jaribuni! Tena utuletee habari.

Mgeni Njoo
Hapa siondoki.

Fundi Cherehani
Ukuta Mnene, sikiliza. Usitumie sindano ya ncha kali, chukua ile butu ya kufumia sufu, yenye tundu pana. Haitamchoma mama, na shuka la zamani litaipitisha. Shuka likaze, livute pande nne, likilegea hamtahisiana. Uzi usizidi urefu wa mkono wako, ukizidi utajisokota na mtakasirikiana bure.

Ukuta Mnene
Urefu wa mkono utaisha upesi.

Fundi Cherehani
Utaisha. Kila ukiisha mmoja wenu lazima afunge fundo na kutunga mwingine. Kubalianeni kabla hamjakaa ni nani.

Ukuta Mnene
Mama anasema atafunga yeye. Nami nitamtungia sindano.